Mgeni Aliyeiamsha Seva ya Jose

Januari 2008 nilimpoteza kaka yangu Jose, siku za vurugu za uchaguzi, akitoka kazini Nakuru mjini kurudi kwake mtaa wa Rhonda. Nilisoma hadi kidato cha pili tu, sijui kupamba maneno. Haya niliyaona kwa macho yangu.

Jose ndiye aliyetunza seva, ile kompyuta kuu, ya duka la vifaa vya ujenzi nilikokuwa karani wa risiti. Siku ile tulipokimbia vurugu, soja wetu, mlinzi wa lango, alichomoa nyaya zote ukutani akiogopa moto. Tulipofungua tena Februari, seva iliwaka, lakini programu ya risiti ikakataa kuanza. Kila nilipoandika amri aliyonifundisha Jose, ilijibu kwamba programu tayari inafanya kazi. Inafanya kazi wapi, na hakuna risiti hata moja? Kuingia ndani zaidi kulihitaji neno la siri, na hilo Jose alizikwa nalo.

Bosi wetu, mzee wa Kihindi tuliyemwita Bhai, alichoka.

"Sister, kesho hii inaenda skrapu. Naleta mpya."

"Bhai, humo ndimo kuna kazi yote ya Jose."

"Jose hayuko. Mimi nifanye nini?"

Saa ya lunch nilijifungia na ile mashine chumba cha nyuma. Komeo nililifunga mwenyewe, niamini. Nikainua macho, mwanamume amesimama kando yangu. Amevaa dasikoti, koti la kazi la kijivu, viatu vimejaa vumbi.

"Sasa, mathe. Inadhani ile ya kwanza bado iko kazini."

"Ya kwanza gani?"

"Programu iliyokuwa inaendelea mlipochomoa waya. Ilikufa ghafla, ikaacha faili ndogo ya kusema 'niko'. Mashine haiendi kuangalia kama ni kweli." Akacheka. "Ni kama karani wa serikali, inaamini karatasi tu."

Akaandika neno la siri kwa vidole viwili, bila kuniuliza. Akafuta ile faili, akatoa amri, na printa ikaanza kulia.

"Fundi, nani alikuambia tulichomoa waya?"

"Si ujaribu risiti kwanza?"

Niligeukia printa. Niliporudisha macho, hakuna mtu. Komeo bado limefungwa.

Soja aliapa hakuna aliyepita langoni. Bhai aliniuliza neno la siri mpaka akachoka; hadi leo hatulijui. Na sisemi alikuwa Jose. Uso haukuwa wake, wala sauti. Angekuwa Jose, ningelia nimalize. Sasa yule alikuwa nani? Wewe ukijiwa na mtu wa kutengeneza alichoacha marehemu, muulize jina kabla hujageuza macho. Mimi nilichelewa.

Jumapili nilikwenda Rhonda kumweleza wifi yangu, mjane wa Jose. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza mtu huyo alifanana na nani.

"Ulimpa chai?"

Nikasema hapana. Akainuka, akabandika sufuria ya chai ya yule mgeni.