Punje Kwenye Meno

Kwenye mashine ya kukoboa mpunga ninapofanya kazi, hapa Ifakara, wenzangu watatu walinusa mpunga msimu mzima kwa sababu yangu. Waliniuliza ninajuaje kama umekauka vya kutosha, nikawaambia ni harufu tu. Basi wakawa wanachota viganjani, wananusa, wanapiga chafya. Mimi nageukia ukutani, natafuna punje moja. Ikikatika kwa mlio, mpunga tayari. Ikibonyea, urudi juani.

Msinione mchoyo. Bosi wa kwanza aliniomba nimfundishe shemeji yake, nikamfundisha kwa moyo mweupe. Wiki hiyohiyo shemeji akapewa nafasi yangu, mimi nikapewa ufagio wa kuzoa pumba. Alipochoka kazi nikarudishwa, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Niliapa sitamfundisha mtu tena.

Kisha akaja bosi mpya, kijana mtaratibu anayewaamkia shikamoo hata wazee wabeba magunia. Siku moja nikiwa msibani, mama mmoja wa kijiji cha Mbingu alileta mpunga wake. Bosi akawahimiza wenzangu wawahi kabla umeme haujakatika. Wakanusa, wakaukoboa ungali na unyevu. Niliporudi nikamkuta yule mama ameshika chenga tupu za mchele, machozi yanamtoka. Nilijua mkosaji ni nani.

Nikangoja bosi atafute wa kumtwika lawama. Akasema mbele yetu sote, “Mama, kosa ni langu. Niliwaharakisha. Chukua mchele mzima wa kwangu, hizi chenga niachie.”

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Huyu alikuwa anabeba mzigo wangu na hajui. Yule mama alipoondoka nikawaambia wote kwamba harufu ilikuwa uongo, kisha nikatafuna punje mbele yao, nao wakatafuna. Bosi alinishukuru. Mwenzangu aliyepiga chafya kuliko wote alininunia siku mbili. Ya tatu akaniita kunionyesha anavyolegeza roli za mpira zinazomenya mpunga ndani ya mashine ili mchele usikatike, siri aliyokuwa ameificha kwa miaka. Nilicheka sana, naye akacheka.

Msimu huu malaria ilinilaza siku tatu. Walinipigia kunipa pole, lakini hakuna aliyeuliza lolote kuhusu mpunga. Hofu ya zamani ikanipanda: basi hawanihitaji tena. Nikapiga simu mwenyewe, nikajifanya nauliza kama kazi inaenda.

“Mpunga tunaujua sasa, mama,” bosi akasema, mashine ikinguruma nyuma yake. “Tunakungoja wewe.”