Niliandika Magonjwa ya Wazee kwa Ajili ya Maombi

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, karani katika nyumba ya wazee hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Ninatunza mafaili yao ya matibabu. Ufunguo wa kabati tunao wawili tu, mimi na nesi wetu.

Kila Jumamosi kikundi cha maombi huja kuwaombea wazee. Siku moja kiongozi wao aliniambia, "Dada, tunachoka kuomba juujuu. Utuandikie kila kambo, kila muzee, na ugonjwa yake, Mungu asikie muzuri." Niliona ni jambo jema. Nikafungua kabati, nikaandika majina yote, na ugonjwa wa kila mzee mbele ya jina lake.

Sikujua wataisoma karatasi ile niliyowapa kwa sauti, familia zikiwa zimekaa pale. Walipofika kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, wakataja virusi vya UKIMWI. Miaka yote alimeza dawa zake kwa siri. Hata binti yake, aliyekaa pale siku ile, hakujua. Mama hakulia. Alianza kukunja kitambaa chake magotini, anakunja, anakunjua.

Binti huyo alikuwa akija kila Jumapili na bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, wanakula sahani moja huku wakitaniana. Sasa anaacha chakula getini katika sahani ya plastiki. Anamwambia mlinzi, "Sahani basirudishe."

Sista mkuu anayesimamia nyumba yetu anamshuku nesi, kwa kuwa ndiye anayewapa wazee dawa, na Ijumaa atamfukuza. Nesi ana watoto watatu, na kila siku anaapa kwamba hakusema neno. Kiongozi wa maombi aliniambia, "Nyamaza dada, na mie nitanyamaza."

Jana Jumapili mama alinishika mkono. "Mwana yangu, weye njo unachungaka bikaratasi byetu. Nani alinifanya hivi?"

Nikasema sijui.

"Basi. Nabakia na weye tu." Akanisogezea ile sahani ya plastiki. "Kuya tukule."

Nilikula naye.

Nikikiri, nitapoteza kazi, na nyumbani kwetu mwenye kazi ni mimi peke yangu. Na mama atakula peke yake. Nikinyamaza, nesi anabeba kosa langu. Ndugu zangu mnaosoma, Ijumaa inakaribia. Nishaurini: nianze kumwambia nani, sista au mama?