Nta Iliyokubaliwa na Pua ya Asmah

Kwa miaka mingi Asmah alitengeneza mishumaa pale Bwera, magharibi mwa Uganda, bila pua yake kumsumbua. Mumewe Shafic, dereva wa lori, alimletea nta nyeupe ya kiwandani, ile itokanayo na mafuta ya petroli, naye akaiyeyusha jikoni nyuma ya nyumba. Kisha akapata mimba, wakati alishadhani uzazi umemwisha. Asubuhi moja sufuria ilipoanza kutoa mvuke, alikimbilia nje akatapika hadi machozi yakamtoka.

"Wacha hii kazi, Mama Ukasha," Shafic alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao mkubwa.

"Kazi haina shida. Shida iko nta."

Hakuwa mtu wa kukaa bure. Alijaribu mafuta ya ng'ombe kutoka kwa mchinjaji. Harufu ikamrudisha nje mbio, na mishumaa miwili aliyowahi kuimimina ikaliwa na paka. Shafic akavuka mpaka pale Mpondwe kuingia Kongo, akaleta mafuta ya mawese. Hayo tumbo liliyakubali. Lakini mishumaa yake ilipofika soko la Kasese ililegea kwa joto, ikainamiana mezani mpaka wateja wakacheka. Asmah alicheka nao, kisha akairudisha yote nyumbani.

Siku ya soko alimwuliza Kosmasi, mfugaji nyuki wa Kyarumba kule mlimani, masega huyapeleka wapi akishayakamua asali.

"Ninatupa. Mutu gani atayakula?"

"Uniletee mimi, muzee."

Akamletea gunia zima. Asmah aliyachemsha kwa maji, akayachuja kwa kitambaa, akaacha yapoe. Nta ikaganda juu, ya manjano. Alisogeza uso, akangoja tumbo ligeuke. Halikugeuka. Alikaa pale akivuta pumzi, hata Shafic akaja kuangalia kama amesinzia.

Mishumaa ya kwanza ilizimika. Utambi ulikuwa mwembamba, moto ukazama ndani ya nta. Akasokota utambi mnene wa pamba, na huo ukawaka taratibu, bila masizi. Bei ilipanda, wateja wengine wakamkimbia. Akina mama wa kanisani kule Kisinga walinunua, wakarudi tena.

Alizaliwa msichana, wakamwita Shamira. Alipoanza kutambaa, Shafic alileta tena bonge la nta nyeupe.

"Sasa pua imepona. Hii iko bei rahisi."

Asmah aliyeyusha kipande, akanusa. Kweli, hakutapika. Jiko zima lilinuka kama gereji, basi.

"Ninaweza kuivumilia," alisema. "Lakini nimezoea kufanya kazi nikipumua vizuri."

Shafic hakubishana. Bonge akamwuzia jirani, na wiki ile ile akaacha lori chini ya mlima, akapanda kwa miguu hadi kwa Kosmasi. Aliteremka na gunia la masega kichwani, akienda upesi kuliko alivyotaka, maana nyuki wachache walikuwa bado wanamfuata.