Rangi Chini ya Bolti

Mimi nauza tempe, vipande vya soya vya kukaanga, mlangoni pa gereji ya Wartini, hapa mjini Tegal. Alasiri ile nilikuwa nakaanga za futari. Kesho yake ilikuwa Idi, kila mwenye gari anakimbilia kijijini kwao, na nani anakuja gari lake likivutwa kwa kamba? Gunaryo! Nilifurahi, sifichi.

Huyu alikuwa bosi wa Wartini. Miaka tisa nyuma alipaka rangi injini ya gari la mteja, lipendeze kwa safari ya Idi, na gari likaanza kuzimazima. Akapiga kelele mbele ya watu: "Mwanamke huyu kaunguza kompyuta ya gari!" Akamfukuza. Mwaka mzima hakuna aliyempa Wartini hata taa ya breki kuitengeneza. Alikuwa akinikatia tempe huku analia.

Sasa gari lake mwenyewe, kuukuu, injini imepakwa nyekundu inayong'aa.

"Dada Wartini, sensa za injini zinasoma uongo. Nimebadilisha mbili, bado linazima. Mama ananingoja kijijini."

Wartini akapima kwa mita, kisha akafungua bolti ya waya wa arthi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Chini yake, rangi tupu.

"Sensa ni nzima, bosi. Umeme hauna pa kurudia, rangi inauzuia. Umepaka rangi hadi hapa, kama lile gari la mwaka ule."

Wateja kwenye foleni wakasogea karibu. Wartini akamrushia Gunaryo msasa.

"Kwangua mpaka chuma kionekane. Na huku unakwangua, waambie hawa nani aliunguza kompyuta."

"Ah, dada, yaliyopita si ndwele. Kesho Idi, nitakupigia simu nikuombe radhi."

"Kesho ni siku ya kusameheana, hata mwizi wa kuku anasamehewa. Kesho nitakusamehe, sina budi. Leo sijakusamehe."

Gunaryo akakwangua, jasho linamtoka, ananong'ona.

"Sauti!" nikapayuka mimi. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

"Kompyuta haikuungua," akasema. "Ilikuwa rangi yangu. Nilijua siku ileile."

Alijua! Nusura nimmwagie mafuta ya moto.

Wartini akapangusa vumbi la rangi. Akafunga waya mpya mnene, chuma kwa chuma, akakaza bolti, akapaka grisi. Injini ikawaka, ikatulia. Gunaryo akainama, akanyoosha mikono yote miwili kumwomba radhi.

Wartini akaficha yake nyuma.

"Bado ni leo," akasema.