Droni Iliyofungwa Kamba

Juzi nikinunua maziwa Garsen, alifika kijana mpiga picha za harusi, viatu vimejaa matope. Alikuwa akiitafuta droni yake iliyoangushwa na dhoruba jana yake.

Mama muuza maziwa ndiye aliyeiokota karibu na zizi lake. Alikuwa ameifunga kamba mguuni, kwenye nguzo ya kibanda.

"Yako ina alama gani?" akauliza, kama anavyoulizwa aliyepotelewa na ng'ombe.

"Ina mkwaruzo tumboni, mama."

Mama akaipindua, akauona, akafungua kamba.

"Mwanangu, nani huachilia mnyama wake kwenye upepo kama ule?"

Nilitaka kumweleza mama kwamba ile ni mashine. Kisha nikamwona kijana akiipakata na kuipapasa bawa lililovunjika, akiinong'onezea, "Pole." Nikachukua maziwa yangu, nikaenda zangu.