Biskuti za Koko Hazikuliwi Siku Ile Ile

Jumamosi, tarehe ishirini Desemba, saa tisa mchana, nilivuta sufuria ya unga uliokandwa kutoka chini ya kitanda cha koko. Koko njo vile sisi wa Bukavu tunamwita bibi. Alikuwa amelala, uso ukutani. Tangu Alhamisi alikuwa hajala kitu. Kitu kimoja tu alikuwa amekubali: ataonja biskuti za Noeli zikiiva. Mi niliamini akimeza moja tu, tumbo lake litakumbuka kazi yake. Sikumwambia mtu, maana wangenicheka.

Biskuti zenyewe ni za Wajerumani. Alijifunza kuzipika angali msichana, jikoni kwa masista wa Kijerumani kule Bukavu, na kila mwaka amezipika, hata hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi. Mwezi wa kumi na moja tulimpeleka hospitali Lilongwe. Daktari alimvuta mama mdogo pembeni wakaongea, halafu akasema turudi na mgonjwa nyumbani. Njiani koko akataka tupite soko la Biwi kununua mdalasini na karafuu. Mama mdogo alikuwa analia pale pale mbele ya muuzaji, na koko ananusa karafuu, anazirudisha, anasema hizi ni za zamani, lete zingine.

Kesho yake alikanda mwenyewe, amekaa kwenye godoro: asali, sukari, viungo, unga wa ngano. Huo unga wa asali haupikwi mara moja. Unafunikwa, unalala wiki kadhaa mahali pa baridi. Wiki hizo hizo njo zilimmaliza nguvu koko, kwa hiyo kupika kukabaki kwangu.

Unga ulikuwa mgumu kama udongo wa matofali. Niliongeza magadi, nikakanda mpaka viganja vikauma, nikausukuma kwa chupa, nikakata nyota kwa kisu. Oveni hatuna. Unatandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, unapanga biskuti juu ya sahani ya bati, unafunika. Mbabula, jiko letu la makaa, inawaka chini, na makala mengine unayaweka juu ya mfuniko.

Jirani akaja kusimama mlangoni.

“We binti, unapika dawa ama mukate?”

“Biskuti.”

“Biskuti! Na bibi iko anakufa?”

Mama mdogo akamjibu toka ndani: “Dada, kama umekosa chumvi sema, tukupatie uende.”

Nilicheka ndani ya kitenge, halafu nikaona aibu, kwa sababu lile neno lilikuwa limeshasemwa na koko ana masikio.

Za kwanza ziliungua chini. Za pili zilitoka na rangi ya udongo mwekundu, laini, na harufu ya karafuu ikajaa nyumba nzima. Koko akageuza uso kutoka ukutani. Nilikimbia na moja kwenye sahani.

“Koko, ziko tayari.”

Akaishika, akaibonyeza kwa kidole gumba, akanusa.

“Magadi ni mengi,” akasema. Halafu akanirudishia. “Funga.”

“Onja kwanza, kidogo tu.”

“We mtoto, hizi hazikuliwi siku ile ile. Zikipoa zitakuwa jiwe. Uzifunge na ganda la chungwa, zitarudi laini. Siku ya Noeli njo utaniletea.”

“Mama, onja basi,” mama mdogo akasema. “Nani atakuhukumu?”

“Mi najua kungoja. Ni nyinyi njo mnaharakisha.”

Ningeweza kubisha. Lakini kubisha sijui. Hata darasani mwalimu akikosea jina langu ninaitika tu. Na kusema ukweli, nilifurahi. Mtu anayekuambia uweke biskuti mpaka Noeli, si amepanga kuwepo? Nilizifunga kwenye mkebe. Chungwa hatukuwa nalo, nikaweka ganda la embe. Jioni ile nilikula nsima, ugali wa huku, sahani yangu yote.

Asubuhi ya Jumapili nilimsalimia, hakuitika. Macho yalikuwa wazi nusu, pumzi inakwaruza. Mama mdogo akamgusa miguu, akavaa viatu, akaenda kuita wamama wa kanisa. Nikabaki naye peke yangu.

Nilifungua mkebe. Biskuti zilikuwa jiwe kweli, hata kuvunja kwa mkono nilishindwa. Nikaitia moja kwenye kinu, nikatwanga, nikaukoroga ule unga na chai ya vuguvugu mpaka ukawa uji. Nikamwinua kichwa.

“Koko, zimerudi laini,” nikasema.

Nilidanganya. Mdomo haukufunguka. Uji ukateremka kidevuni, nikapangusa. Nikajaribu tena na kijiko kidogo, nikijaribu kupita pembeni ambako hana meno. Ukateremka tena. Mpaka leo sijui kama hakuweza, ama alikuwa anakataa kwa sababu Noeli haijafika. Na ni mimi niliyefunga ule mkebe, wakati angali na nguvu ya kubonyeza na kunusa.

Nikawasikia wamama wanakuja na wimbo njiani. Chakula hakitupwi kwetu. Niliunywa ule uji mwenyewe, haraka, nimesimama, nikaosha kikombe, nikamfunika koko mabega, nikaenda kufungua mlango.