Mkubwa wa kampuni ya simu alisema "tutafunga", na mimi nikawaeleza watu vibaya

Wakuu, wewe unayesoma hapo ofisini ukichungulia kama bosi anapita, na wewe uliyelipia dakika chache za cyber, niazimeni sikio. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sehemu mbaya zaidi ndizo zangu, kwa hivyo sina sababu ya kutia chumvi.

Kwanza mnijue. Nafundisha kompyuta katika chuo kidogo pale tao, katikati ya Nairobi, orofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Naishi Kabiria. Mtaani wananiita Mwalimu, hata wazee walio na umri wa baba yangu. Mtu akipata barua ya kanjo, yaani baraza la jiji, asiyoielewa, ananiletea niisome.

Dada yangu mkubwa, Kalondu, ana kibanda cha simu ya jamii Kangemi, karibu na soko. Kwa wale wa majuu mliosahau: ni ile simu kubwa ya mezani isiyo na waya. Asiye na simu yake anapiga hapo, na wengine wanapigiwa hapo hapo.

Binti wa Kalondu, Mwende, yuko Uarabuni, kazi ya nyumba. Simu yake ilichukuliwa siku aliyofika. Namba pekee aliyo nayo kichwani ni ya kibanda cha mamake. Hupiga mwisho wa mwezi, akiruhusiwa. Ndiyo maana Kalondu akifunga kibanda hubeba ile simu nyumbani na kulala nayo kitandani kama mtoto mchanga.

Sasa, hiyo interview.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Napiga pasi, redio inaongea. Anahojiwa mkubwa mpya wa kampuni iliyotoa ile simu ya Kalondu. Mtu wa Pwani, Kiswahili kimenyooka mpaka unajiuliza wewe umekuwa ukiongea nini miaka yote. Mtangazaji akamuuliza ana mpango gani na sisi wa upande huu, maana network ilikuwa ya kubahatisha. Ilibidi mtu asimame juu ya kiti ndio asikike.

Akajibu kwa utulivu kabisa: "Kuanzia Jumatatu tutafunga mitambo Kangemi, Kabiria na Woodley."

Mtangazaji akarudia: "Mtafunga?"

"Naam. Tutafunga yote. Wateja wa huko wameteseka vya kutosha."

Wakuu, shati liliungua nikiwa nimeshika pasi.

Wasikilizaji wakaanza kupiga simu redioni. Mama mmoja wa Woodley akauliza: "Yaani tumeteseka, sasa mnatumaliza?" Jamaa mwingine akasema, "Huyo mzee anatucheka! Umesikia vile anasema naam?"

Na mimi nikafanya ninachojua. Nikaeleza. Niliandika SMS, fupi na safi: network inafungwa Jumatatu, mitaa ni hii, mjulishe mwenzako. Nikatuma kwa kila namba niliyokuwa nayo. Kufikia saa kumi ilinirudia kutoka kwa landlord wangu, ikiwa imeongezewa kwamba kampuni imefilisika na mkubwa ameshakata tikiti ya ndege.

Mnajua nilipoisoma nilishtuka upya? Kana kwamba si mimi niliyeianzisha.

Nikakimbia Kangemi. Kibandani kulikuwa na watu kama ishirini, na wote wakanigeukia. Nikasimama nikawaeleza polepole, hatua kwa hatua, jinsi mitambo ikizimwa simu inavyokuwa kopo tupu. Fundi mmoja wa viatu akaniuliza, "Mwalimu, na kama umeskia vibaya?"

Nikamjibu, "Nimesikia kwa haya masikio yangu."

Na kweli nilikuwa nimesikia. Hapo ndipo shida ilipo, nitafika.

Kalondu hakuuliza chochote kuhusu biashara. Aliuliza moja tu: "Na Mwende?"

Nikampa mpango. Kampuni nyingine ilikuwa inatoa simu mpya kwa yeyote anayeleta karatasi ya kuonyesha kwamba ameacha ya kwanza. Nikamwambia tuwahi kabla ya foleni, tupate namba mpya, halafu wakala aliyempeleka Mwende amfikishie hiyo namba. Namba ya zamani inakufa Jumatatu hata tukiing'ang'ania.

"Una uhakika?"

"Dada, ningekudanganya?"

Ijumaa tukaenda tao, ofisi za kampuni. Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Watu wamebeba simu zao za mezani kwapani, wengine ndani ya mifuko ya rambo, wanatukana. Tulifika kaunta saa tano. Kijana wa kaunta akachukua simu, Kalondu akatia sahihi, akapewa karatasi yake.

Tukiwa tunatoka, mkubwa mwenyewe akajitokeza kwenye ngazi. Yule wa redio. Jasho linamtoka, tai imelegea.

"Jamani, ndugu zangu, mbona mwarudisha simu? Mimi nimesema tutawafungia mitambo!"

"Ndio hiyo! Amesema tena!"

"Naifunga kwa faida yenu!"

"Faida ya nyoko!"

"Mitambo mipya! Mafundi wako tayari, Jumatatu waifunga!"

"Kumbe ni mipya na bado unaifunga? Huyu mzee ana roho gani?"

Kila alivyoeleza, ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Mtu akarusha chupa ya maji. Nilimwona akiangalia umati kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyewaletea wageni chakula wakamtemea mate.

Aliyetuokoa ni soja wa mlangoni, kijana wa Malindi. Alikuwa ameinama anashika mbavu kwa kicheko. Akapaza sauti: "Nyinyi watu wa Nairobi! Kwetu kufunga mtambo ni kuuweka! Fundi aja kwako akufungie stima, akufungie feni. Anawawekea network, hawazimii!"

Watu wakatazamana.

Halafu mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, hata mkubwa akakaa chini kwenye ngazi akajifuta uso na tai.

Kalondu hakucheka. Alikuwa anaangalia karatasi mkononi.

Tulirudi kaunta tukisukumana. Yule kijana akabonyeza bonyeza, akatikisa kichwa. "Pole, mathe. Imeshaingia kwa system. Laini imefungwa."

Dada yangu akamuuliza, "Imefungwa kwa lugha ya kwetu ama ya mkubwa wako?"

"Ya kwenu, mathe."

Namba ile ile ingeweza kurudi, lakini baada ya siku kumi na moja. Tukaacha ile ya kampuni nyingine, tukaamua kuisubiri. Wakala wa Mwende alisema amemjulisha mwajiri kwamba laini itakuwa imezimwa siku hizo. Jumatatu mafundi wakaja kweli, wakapanda mlingoti, na Kangemi yote ikapata network ya kuringia. Kalondu alikaa kibandani kwake na meza tupu.

Laini ilirudi, pamoja na simu yake. Jumapili ya mwisho wa mwezi simu ikalia, nami nilikuwepo. Kalondu akaipokea, akasikiliza, kisha akakaa chini kwenye mchanga.

Mwende hakusalimia. Aliuliza, "Mum, uko hai?"

Hakuna aliyemfikishia ujumbe wowote. Alikuwa ameruhusiwa kupiga katikati ya mwezi, akapiga mara nne, na kila mara akasikia ile sauti ya mwanamke ikisema namba haipatikani. Anajua mamake hulala na ile simu. Akaamua kwamba mama amekufa na sisi tunamficha. Tangu siku hiyo alimlilia mamake katika nyumba ya watu, akiosha vyombo, bila mtu wa kumwambia pole.

Kalondu akaninyooshea ile simu. "Mweleze," akasema.

Niliishika. Nilisema "Mwende" tu, mara mbili tatu, mpaka muda wake ukaisha.

Yule mkubwa simlaumu, aliongea lugha yake vizuri. Mtangazaji pia simlaumu, aliuliza "mtafunga?" na akajibiwa. Nilichojifunza ni kwamba kusikia neno vizuri si kulielewa, na mtu anayeaminiwa na mtaa mzima anapaswa kuuliza mara mbili zaidi ya wengine. Kama wewe pia ni Mwalimu wa mtaa wenu, usijichukie ukikosea, bora usirudie. Karibuni mchangie, na kama kuna neno lililowahi kukugeuka hivi, liandike hapa chini lisaidie mwingine.

Na ukisikia mkubwa yeyote akisema jambo la kukushtua, usitume SMS kwanza. Piga simu ofisini kwake, uliza hivi: "Siku hiyo ikifika, mafundi wenu watakuja kufanya nini hasa?" Andika jibu kwenye karatasi. Lisome. Halafu ndio utume.